Kabla ya Kufyatua Tofali la Kwanza: Jinsi ya Kuboresha Shule ya Watoto Waliokimbia Vita

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za shule, walimu wakuu, watendaji wa vijiji na kata, na wafanyakazi wa mashirika wanaoshughulika na shule zinazopokea watoto waliokimbia vita, iwe shule hizo ziko ndani ya kambi za wakimbizi au katika vijiji vya wenyeji vinavyopakana na kambi. Mifano yake mingi inatoka mkoani Kigoma, mahali ambapo kazi hii imefanyika kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi. Warundi walikuja mwaka 1972, wakaja tena mwaka 1993 na 2015. Wakongo kutoka Kivu Kusini walivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, na kambi ya Nyarugusu, karibu na Makere wilayani Kasulu, ikafunguliwa mwaka huohuo kwa ajili yao.

Naitaja miaka hii kwa sababu moja. Kila mara watu wanapofika, majengo ya shule huitwa ya muda, na kwa kuwa yameitwa ya muda hujengwa ovyo. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Nyarugusu mwaka 1996 leo ni mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini na mitano, na huenda mwanawe mwenyewe ameketi kwenye dawati. Makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora yalianzishwa kwa ajili ya Warundi wa mwaka 1972, na shule zake hazikuondoka. Kwa hiyo unapopanga, panga kama mtu anayejua kwamba chumba hicho kitatumiwa na watoto kwa miaka ishirini, hata kama karatasi uliyopewa inasema miezi sita.

Mfuate mtoto siku nzima

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kuanza na orodha ya mahitaji. Kamati inakaa, mtu mmoja anasema madarasa mawili, mwingine anasema madawati mia moja, katibu anaandika, na kikao kinafungwa. Hakuna aliyemuuliza mtoto, na hata angeulizwa, mtoto mbele ya wazee kumi na wawili atajibu lile analodhani wazee wanataka kulisikia.

Badala yake, chagua watoto watatu: msichana wa darasa la tano au la sita, mtoto wa darasa la kwanza, na mtoto mwenye ulemavu. Omba ridhaa ya wazazi wao na ya mwalimu mkuu, ueleze unachofanya, kisha mfuate kila mmoja kwa siku yake, tangu anapotoka nyumbani hadi anaporudi. Mwanamke amfuate msichana. Chukua daftari na saa, uandike bila kutoa ushauri: alitoka saa ngapi, alipita wapi, nani alimwita njiani, alikaa wapi darasani, aliona ubao au hakuuona, alikunywa maji mara ngapi na kutoka kwenye chombo gani, alikwenda chooni au alijizuia, mvua iliponyesha alifanya nini.

Katika shule moja wilayani Kasulu tulifanya hivyo wakati kamati ilikuwa imeshaandika ombi la madarasa mawili. Msichana aliyefuatwa na mwalimu wa kike hakunywa hata tone la maji tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Maji yalikuwapo, lakini hakutaka kwenda chooni, kwa sababu milango ya vyoo vya wasichana ilielekea uwanja ambao wavulana walichezea mpira, na milango miwili kati ya minne haikuwa na komeo. Wenzake walipoulizwa mmoja mmoja, karibu wote walisema wanafanya vivyo hivyo. Komeo moja halifikii bei ya mfuko wa saruji. Tulifunga makomeo, tukajenga ukuta wa kusitiri mbele ya milango kwa matofali yaliyobaki, na ombi la madarasa likaendelea na safari yake bila kuwafanya wasichana wangoje.

Baada ya siku tatu za kufuata watoto, orodha yako itakuwa tofauti na ile ya kikaoni, na mambo mengi yaliyo juu yake yatakuwa ya bei ndogo. Yafanye hayo kwanza. Shule inayorekebisha mambo kumi madogo ndani ya mwezi mmoja hupata imani ya wazazi, na imani hiyo ndiyo itakayoleta watu siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuchimba msingi.

Choo na maji kabla ya darasa jipya

Najua kwamba wafadhili hupenda kupiga picha mbele ya darasa jipya, na hakuna anayependa kupiga picha mbele ya choo. Hata hivyo msimamo wangu ni huo: kama fedha inatosha kitu kimoja tu, anza na choo na maji. Mtoto anaweza kujifunza kusoma chini ya mwembe akiwa na mwalimu mzuri. Hawezi kujifunza akiwa anaharisha au akiwa amejizuia haja tangu asubuhi.

Mwongozo wa taifa wa maji na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 300 na wavulana 300 inahitaji basi matundu 15 kwa wasichana na 12 kwa wavulana. Shule nyingi zilizopokea wakimbizi zinasomesha kwa zamu mbili, na hapo usigawanye jumla ya wanafunzi wote kwa matundu. Hesabu zamu yenye watoto wengi zaidi, kwa kuwa hao ndio watakaopanga foleni wakati wa mapumziko. Kama huwezi kufikia idadi hiyo mara moja, jenga mahali pa haja ndogo pa wavulana kwa mfereji wa saruji, kazi ambayo ni rahisi na hupunguza foleni upande wao, kisha uelekeze matundu mapya yote kwa wasichana.

Choo kiwe mbali na kisima au chanzo cha maji kwa mita 30 au zaidi, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Kisiwe mbali na madarasa kiasi cha kumfanya mtoto mdogo aogope kwenda. Mita 50 zinatosha. Vyoo vya wasichana na vya wavulana vitengane kwa umbali, si kwa ukuta mmoja tu, na njia za kwendea ziwe mbili. Kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili tundu liwe dogo, kwa sababu mtoto mdogo huogopa kutumbukia, na hofu hiyo ni ya haki. Angalau tundu moja upande wa wasichana na moja upande wa wavulana liwe na mlango wa upana wa sentimita 90, vishikizo vya kushika ukutani, na njia ya mteremko isiyo na ngazi. Mteremko huo usizidi sentimita moja ya kupanda kwa kila sentimita 12 za urefu, la sivyo kiti cha magurudumu kitahitaji watu wawili wa kukisukuma.

Chumba cha wasichana cha kujihifadhi wakati wa hedhi kisisahauliwe wala kisigeuzwe stoo ya majembe. Kinahitaji maji ndani, ndoo yenye mfuniko, kioo kidogo, msumari wa kutundikia begi, na kichomea taka nyuma yake. Taulo za kike za akiba zikae kwa mwalimu wa kike ambaye wasichana wenyewe wamemchagua. Nimeona msichana akikosa shule siku nne kila mwezi kwa sababu tu ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa mwalimu wa kiume.

Kuhusu maji, kipimo kinachotumiwa katika dharura ni lita 3 kwa kila mwanafunzi kwa siku, za kunywa na kunawa mikono. Watoto 600 wanahitaji lita 1,800, ikiwa na maana kwamba tangi la lita 5,000 haliwatoshi hata siku tatu. Usiridhike basi na kuletewa tangi. Uliza litajazwa na nini. Kigoma ina bahati ya mvua kuanzia mwezi wa kumi au wa kumi na moja hadi wa nne au wa tano, na paa la bati ni chanzo cha maji kilichokwisha kulipiwa. Jengo la madarasa mawili lenye paa la mita 18 kwa 9 likipata mvua ya milimita 10 hupokea zaidi ya lita 1,600, na kwa gata nzuri utavuna takribani lita 1,300. Maji ya mwanzo wa kila mvua yaachwe yamwagike, kwa kuwa yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Weka tangi juu ya msingi wa zege au mawe uliokaza, bomba liwe juu kiasi cha kuingia ndoo chini yake, na maji yanayodondoka yaongozwe kwenye shimo lenye kokoto au kwenye migomba, yasituame.

Maji ya kunywa yatiwe klorini hata kama yanaonekana safi. Subiri dakika 30 baada ya kutia, kisha pima. Klorini inayobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Waliokuwapo Kigoma mwezi Mei 2015 hawahitaji kushawishiwa juu ya jambo hili. Wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamesongamana Kagunga, kijiji cha mwambao kisichofikika kwa urahisi kwa gari, meli kuukuu ya MV Liemba ikienda na kurudi kuwahamisha, na kipindupindu kikawakuta hapo ufukweni, kikaua. Karibu na kila choo na karibu na mahali pa kunywea uji weka vibuyu chirizi na sabuni. Dumu la lita tano, kamba na kijiti cha kukanyaga vinatosha, na watoto wa darasa la nne wanaweza kuvitengeneza wenyewe kwa saa moja. Sabuni itaibwa wiki ya kwanza. Itoboe, uifunge kwa kamba, na uendelee kuinunua.

Darasa ambalo mtoto anaweza kutulia

Hapa ndipo shule ya watoto wa vita inapotofautiana na shule nyingine yoyote, na ndipo michoro mingi ya majengo inaposhindwa. Mtoto aliyesikia risasi usiku ana masikio mengine. Anasikia mlango, anasikia bati, anasikia pikipiki inayotoa mlio, na mwili wake unaamua kabla ya akili yake.

Mama mmoja kutoka upande wa Fizi, Kivu Kusini, alinijia baada ya mkutano wa wazazi, akasubiri wengine waondoke, akaniambia, "Mwalimu, usimpige mwanangu akikimbia darasani. Hakimbii masomo. Bati likilia kwa mvua yeye anarudi kule." Siku iliyofuata nilikaa nyuma ya darasa hilo. Mvua ilianza saa nne na robo, matone mazito machache kwanza, kisha kishindo cha mara moja juu ya bati tupu lisilo na dari. Mwalimu aliendelea kusema na midomo ikaonekana ikicheza bila sauti. Watoto wengi waliziba masikio na kucheka. Yule mvulana hakucheka. Alishuka chini ya dawati, akashika mguu wa dawati kwa mikono miwili, akawa anatazama mlango, na mlango ulikuwa mmoja, upande wa mbele, nyuma ya watoto wapatao tisini.

Kutokana na darasa hilo nilijifunza mambo ambayo tangu hapo nayadai katika kila mchoro. La kwanza ni dari. Paa la bati lisilo na dari ni ngoma. Kama fedha ipo, weka dari ya kudumu. Kama haipo, tandika mikeka au majamvi juu ya nyaya zilizovutwa chini ya kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, mbali na jiko na mbali na nyaya za umeme. Dari ya namna hiyo haiondoi kelele yote, lakini hupunguza kishindo, na pia hupunguza joto la saa saba mchana. Ikaguliwe kila muhula, kwa sababu mchwa na panya huipenda.

La pili ni milango miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, yote ikifunguka kuelekea nje. Tahadhari ya moto nayo inataka hivyo hata bila habari ya vita, lakini kwa mtoto wa vita mlango wa pili ni dawa anayoitazama siku nzima. Katika jengo la zamani lenye mlango mmoja, fundi anaweza kubomoa chini ya dirisha la nyuma na kulifanya mlango bila kugusa lenta, ule mkanda wa zege ulio juu ya milango na madirisha. Ni kazi ya siku mbili. Mlango ubaki bila kufuli wakati wa masomo, na uwe na ndoano ya kuushika ukutani ili upepo usiubamize.

La tatu ni madirisha. Yaanzie chini kiasi kwamba mtoto aliyeketi aweze kuona nje, na yawe pande zote mbili za chumba ili hewa ipite. Wako walimu wanaotaka madirisha ya juu ili watoto wasichungulie nje. Ninawaelewa, lakini mtoto anayeona kwamba nje kuna amani hutulia upesi kuliko mtoto anayelazimika kukisia. Eneo la madirisha yote likifikia sehemu moja ya tano ya eneo la sakafu, mwanga utatosha bila taa. Vyuma vya madirisha, pale vinapowekwa, vifungwe kwa bawaba angalau katika dirisha moja ili liweze kufunguka wakati wa hatari.

Kengele nayo ni jambo la kutazamwa. Shule zetu nyingi hutundika rimu ya gari mtini na kuigonga kwa nondo. Ihamishe mbali na madarasa, au tumia kengele ya mkononi, na watoto wapya waonyeshwe kabla ya kuisikia kwa mara ya kwanza. Mlinzi wa shule asibebe bunduki ndani ya eneo la shule. Ikilazimu askari waje, mwalimu awaambie watoto mapema kwamba watakuja na kwa nini.

Jambo la mwisho la darasani halihusu ujenzi. Weka kona moja ya utulivu, jamvi tu na mto wa magunia, karibu na mlango, mahali ambapo mtoto anaruhusiwa kukaa dakika kumi bila kuuliza ruhusa na bila kuchekwa. Walimu walihofu kwamba watoto wote wangekimbilia huko. Wiki ya kwanza walikimbilia kweli. Baada ya hapo waliobaki kuitumia ni wale wanaoihitaji, na mwalimu akawa amewajua bila kumwuliza mtu.

Kiwango cha Tanzania ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, na chumba cha mita 7 kwa 9 huwapa nafasi ya mita 1.4 za mraba kila mmoja. Katika vijiji vinavyopokea wakimbizi idadi huwa mara mbili ya hiyo, na hakuna mpangilio wa madawati utakaoficha ukweli huo. Zamu mbili zilizopangwa vizuri ni afadhali kuliko watoto 120 chumbani. Chora mstari ukutani ili kila mwalimu ajue dawati la kwanza lianzie wapi, kwani wanaoketi karibu sana na ubao hawaoni pembe zake. Ubao wa saruji upakwe rangi upya kila mwaka kabla ya muhula wa kwanza.

Wanaofundishia ndani ya mahema wafanye jambo moja wasilolifanya: wainue kuta za turubai pande zote kwa fimbo kuanzia saa nne asubuhi, na kujenga juu yake kivuli cha nyasi au makuti kilichoachana na turubai kwa upana wa mkono, ili hewa ipite katikati. Tofauti ya joto utaihisi kichwani unapoingia.

Mafundi, mbao na radi

Kabla ya kujenga chumba kipya, zunguka uone maboma, yaani majengo ambayo hayajamalizika. Karibu kila kata ina boma lililoinuliwa kwa nguvu za wananchi likaishia kwenye lenta. Kulikamilisha ni nusu ya gharama ya kuanza upya, na wananchi waliochangia matofali yake hufurahi jasho lao lisipopotea.

Mhandisi wa halmashauri akague msingi na kuta kabla ya kuezeka. Kenchi zifungwe kwenye nondo zilizoachwa zimechomoza kwenye lenta, si kupigiliwa misumari tu, kwa sababu pepo za mwanzo wa mvua huezua paa zima kwa dakika moja. Mbao ziwe zimetiwa dawa ya mchwa. Zege na lipu vimwagiliwe maji kwa siku 7 kwa uchache. Fundi atakwambia siku tatu zinatosha, simama naye.

Kuhusu matofali, nawasihi wanaojenga karibu na kambi waache yale ya kuchoma pale inapowezekana. Tanuri moja humeza miti mingi, na kuni ndizo zilizosababisha ugomvi mkubwa kuliko wote kati ya wenyeji na wakimbizi katika wilaya za Kasulu, Kibondo na Kakonko. Tofali la kufungamana linalofyatuliwa kwa mashine ya mkono, udongo mwingi na saruji kidogo, halihitaji moto, na kijana wa kambini na kijana wa kijijini wanaweza kujifunza kulifyatua kwa pamoja. Waha na Warundi wanasikilizana kwa lugha zao bila mkalimani. Siku mbili za kazi kwenye mashine moja huleta ujirani ambao mikutano ya upatanisho haileti.

Radi Kigoma si hadithi. Bonde la Ziwa Tanganyika na mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na watoto wamekufa darasani. Kila jengo la shule lililo mahali pa wazi au kilimani liwe na kizuia radi chenye waya wa shaba unaoshuka hadi kwenye nguzo iliyozikwa ardhini, na fundi anayejua kupima udongo ndiye aufunge. Darasa la chini ya mti livunjwe mara ngurumo ya kwanza inaposikika. Hema pia si kinga. Watoto waende kwenye jengo lenye kizuia radi, wakae mbali na kuta na madirisha, na wasitoke hadi zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kuni za uji na njia ya kwenda shule

Msiwaagize watoto kuni. Ninaandika hivi nikijua kwamba uji unapikwa kwa kuni na shule haina bajeti. Lakini msichana anayeambiwa aje na kuni ataingia msituni peke yake, na yanayowapata wasichana na wanawake msituni karibu na kambi yanajulikana kwa kila mtu anayefanya kazi huku. Jengeni jiko banifu la udongo lenye bomba la moshi, ambalo hupunguza sana kuni zinazotumika, na kuni zinunuliwe na kamati. Njia ya shule ikatwe majani pande zote mbili, na watoto wa mtaa mmoja wapangiwe kutembea pamoja na mtu mzima mmoja kwa zamu.

Kibali, fedha na macho ya wenyeji

Ndani ya kambi hakuna kinachojengwa bila kibali cha mkuu wa kambi, ambaye yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na majengo ya kudumu hayaruhusiwi kwa urahisi. Nje ya kambi mlango wa kwanza ni halmashauri ya wilaya kupitia afisa elimu kata. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi, kwa hiyo hauombi hisani unapoomba kiwanja cha shule. Uliza pia ni mtaala gani utakaofundishwa humo. Shule za kambini zimekuwa zikifuata mitaala ya Kongo na Burundi, ambako mwaka wa masomo huanza Septemba badala ya Januari, na jambo hilo hubadilisha lini ujenge, lini upake rangi ubao, na likizo ya mafundi iangukie wapi.

Kama unatumia utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule hununua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi, ziundwe kamati tatu tofauti: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mtu mmoja asiwe katika mbili. Katika kila kamati waketi wenyeji na wakimbizi, na wanawake wasiwe wa kupika chai ya kikao. Bandikeni kwenye mti wa ofisi kiasi kilichopokelewa, kilichotumika, na idadi ya mifuko ya saruji iliyoingia na kutoka stoo, kila Ijumaa. Mahali pasipobandikwa kitu, uvumi hujaza nafasi.

Na kila unachojengea watoto wa kambini, jiulize shule ya kijiji jirani ina nini. Kisima kinachochimbwa ndani ya uzio wakati watoto wa wenyeji wanachota mtoni hugeuka kuwa chuki. Fanya mradi wenye bomba mbili, moja kila upande.

Panga pia siku ya kuondoka. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012 na Mtendeli mwaka 2021. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na leo pana shule ya sekondari. Katika mkataba wa mwanzo andikeni nani atarithi tangi, madawati, bati na sola, ili siku watoto wanaporudi kwao vitu hivyo viende shule nyingine badala ya kwenda sokoni. Vyeti na rekodi za watoto zitunzwe kwenye sanduku la chuma lisiloingia maji, na nakala zikabidhiwe wazazi kabla ya safari.

Neno kwa wasomaji wa ng'ambo ya ziwa

Walio Uvira, Baraka na Fizi, ambako vita haviko mbali, wana hatua moja ya kutangulia zote nilizoandika. Msichimbe msingi wala shimo la choo kwenye shule iliyowahi kukaliwa na wapiganaji kabla wataalamu wa mabomu hawajapakagua, na watoto wakatazwe kuokota chuma chochote wasichokijua. Azimio la Shule Salama, lililozinduliwa Oslo mwezi Mei 2015 na kuungwa mkono na nchi zaidi ya 100, linazitaka serikali ziwazuie wapiganaji kugeuza shule kambi. Haliwezi kuzuia risasi, lakini mwalimu mkuu na wazee wanapokwenda kwa kamanda kuomba askari waondoke, ni vizuri wajue kwamba ombi lao lina jina.

Daftari na ufunguo

Jengo jipya huanza kuchakaa siku linapofunguliwa. Nunueni daftari gumu moja, liitwe daftari la ukarabati, likae mezani kwa mwalimu mkuu. Kila Ijumaa baada ya vipindi, mwalimu mmoja, mzazi mmoja, mvulana mmoja na msichana mmoja wazunguke shule yote, wafungue kila mlango wa choo, wafungue kila bomba, watikise kila dawati, waandike kilichoharibika, tarehe na jina la atakayekitengeneza. Ijumaa inayofuata waanze kwa kusoma ukurasa uliopita. Tengeni fungu dogo la misumari, makomeo, washa za bomba na sabuni, lisichanganywe na fedha nyingine yoyote. Funguo za tangi, stoo na chumba cha wasichana ziwe seti mbili, moja kwa mwalimu mkuu na nyingine kwa mama wa kamati anayeishi karibu na shule, na majina yao yaandikwe kwa rangi juu ya mlango wa ofisi, kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, ili mtoto yeyote ajue amwendee nani.